Jibu Lililotangulia Swali

Msimu wowote wa karafuu, mtu akipita katika baraza za kahawa za Wete, Chake Chake au Mji Mkongwe, atayasikia mabishano ambayo sisi tumeyasikia kwa miaka mingi hata tunaweza kuyasimulia bila ya kuyahudhuria. Bei ikishuka, mzee mmoja husema: hii ni kazi ya Serikali. Mwenziwe humjibu: la, hii ni njama ya wafanyabiashara wa nje. Msimu unaofuata bei ikipanda, yule wa kwanza husema kwamba Serikali imepandisha kwa sababu imeona haya, na yule wa pili husema kwamba wafanyabiashara wa nje wametupandishia ili watutege. Bei imekwenda chini, imerudi juu, na hoja za wazee wetu hawa hazikuondoka mahali pake hata kwa shubiri moja.

Hatuwacheki. Ugonjwa huu haubagui baraza na ofisi, wala haumbagui aliyesoma na asiyesoma, na ukurasa huu wetu nao haukuepukana nao kila siku. Aghalabu husemwa kwamba mtu aliyeshikilia imani moja ni kipofu, haoni mambo yanayokwenda kinyume na imani yake. Sisi hatuafiki. Mtu huyo huona vizuri sana, na pengine huona mengi kuliko wenziwe, ila kila anachokiona hukigeuza kuwa shahidi wake. Na mwenye mashahidi wengi namna hiyo huwa na hakika zaidi kila siku ipitayo, hata siku ambazo mambo yenyewe yanamkataa.

Mwaka 1960 mwanasaikolojia mmoja wa Uingereza, Peter Wason, alichapisha matokeo ya jaribio dogo ambalo mtu anaweza kulirudia barazani bila ya gharama yoyote. Aliwaambia wanafunzi kwamba anayo kanuni moja ya kupanga namba tatu, na kwamba 2, 4 na 6 zinaifuata. Kazi yao ilikuwa kumtajia namba tatu nyingine, naye angewaambia kama zinafuata kanuni au hazifuati, na mtu akishakuwa na hakika aitaje kanuni yenyewe. Wengi walidhani wameijua tangu mwanzo. Wakataja 8, 10, 12, wakaambiwa ndiyo. Wakataja 20, 22, 24, wakaambiwa ndiyo. Wakasema basi, kanuni ni namba zinazoongezeka kwa mbili mbili. Wakakosea. Kanuni ilikuwa namba zozote tatu zinazokwenda zikipanda, na 1, 2, 3 zingekubaliwa, hata 5, 30, 90. Kati ya wanafunzi 29 ni 6 tu walioipata bila ya kukosea kwanza. Waliokosea hawakudanganywa na mtu, na kila jibu walilopewa lilikuwa la kweli. Kosa lao lilikuwa kuuliza maswali ambayo walitazamia kujibiwa ndiyo.

Nao hawakuwa na chochote cha kupoteza, wala cheo, wala kura, wala fedha za umma. Je, akiwa navyo vyote hivyo?

Kwa swali hilo hatuoni mfano ulio wazi kuliko ule wa karanga za Kongwa, ng'ambo yetu ya bara, ambao wazee wengi waliusikia na vijana wengi hawakusimuliwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza walikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula, na siagi na mafuta vilikuwa vikigawiwa kwa kadi. Mapema mwaka 1946 Frank Samuel, mkurugenzi wa kampuni ya United Africa Company iliyo chini ya Unilever, alizuru Tanganyika, akaona mapori makubwa yasiyo na watu, akapeleka London shauri la kulima karanga kwa mashine. Serikali ya Uingereza ikatuma ujumbe wa watu watatu ukiongozwa na John Wakefield, aliyekuwa Mkurugenzi wa Kilimo wa Tanganyika. Ujumbe ulitumia wiki tisa, na sehemu kubwa ya nchi uliitazama kutoka katika ndege. Ukarudi na hesabu iliyonyooka: ekari 3,210,000, zilizogawanywa katika mashamba 107 ya ekari 30,000 kila moja, 80 katika hayo yakiwa Tanganyika, na mengine Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Gharama zilikadiriwa kuwa kiasi cha pauni milioni 24. Msomaji wa visiwani apate kipimo: ardhi hiyo ni takriban mara tano ya Unguja na Pemba zikiunganishwa pamoja.

Wagogo walikuwa wakiishi katika nchi hiyo, wakilima mtama na uwele na kufuga ng'ombe, na walikuwa wakijua jambo ambalo halikuwa siri kwa afisa yeyote aliyewahi kufanya kazi Dodoma, nalo ni kwamba mvua ya Ugogo haiaminiki na njaa huijia nchi hiyo mara kwa mara. Pori tupu halikuwa tupu bila ya sababu. Lakini huko London pori lisilo na watu lilisomwa kuwa ni nafasi, halikusomwa kuwa ni onyo. Ndiyo tabia ya jibu lililotangulia swali. Ujumbe ule, kwa maoni yetu, haukutumwa kuuliza kama nchi itakubali karanga, bali kuhesabu ni ekari ngapi.

Kazi ilianza mwanzoni mwa 1947. Lengo la mwaka ule lilikuwa ekari 150,000. Mwaka ulipokwisha zilikuwa zimepandwa ekari 7,500 hivi. Mibuyu ilisimama imara mbele ya matrekta, na mizizi ya vichaka ikakunja na kuvunja majembe yaliyotengenezwa kwa mashamba ya Ulaya na Marekani. Matrekta mengi yalikuwa mitumba ya jeshi, yaliyochakaa kabla ya kuteremshwa melini, na mengine yalitengenezwa kutokana na vifaru vya vita. Udongo wenyewe ulikuwa wa mfinyanzi uliochanganyika na mchanga mkali unaokula chuma, na baada ya mvua jua likiuwakia hukauka ukawa kama saruji. Karanga, kama ajuavyo kila mwanamke wa shamba aliyeinama kuzichimba, huzaa chini ya ardhi. Mwaka 1949 mvua ikakosekana. Karanga zilizonunuliwa ziwe mbegu zilizidi kwa uzito zile zilizovunwa.

Hapa tunapenda msomaji atulie kidogo, kwa kuwa ndipo kilipo kiini cha habari. Kila kushindwa kulipewa sababu. Matrekta ni mabovu, basi tutafute matrekta mapya. Bandari ya Dar es Salaam ni ndogo, na mwaka 1947 makuli wamegoma, basi tujenge bandari nyingine Mtwara. Mvua imekosekana, basi ni mwaka wa bahati mbaya. Hakuna hata moja katika sababu hizo lililokuwa uongo! Matrekta yalikuwa mabovu kweli, bandari ilikuwa ndogo kweli, na mgomo ulitokea kweli. Laiti zingalikuwa uongo, mtu angalizifichua na mambo yakaisha mapema. Lakini sababu ya kweli inaweza kumtumikia mwenye imani vizuri kuliko uongo, kwa sababu humruhusu kulieleza kila kosa peke yake, kosa hili na mkosaji wake na lile na mkosaji wake, bila ya siku hata moja kuyakusanya yote na kuuliza kama mpango wenyewe ndio wenye kosa.

Na tusidhani kwamba waliofanya hayo walikuwa wajinga. Waziri wa Chakula, John Strachey, alikuwa mmoja wa watu wenye akili kali katika chama chake cha Labour, mwandishi wa vitabu vya siasa na uchumi vilivyosomwa na wengi. Akili yake haikumwokoa. Tunathubutu kusema ilimdhuru, kwani mtu mwenye akili nyingi hupata upesi hoja ya kutetea anachokitaka, na mjinga angalifika mwisho wa hoja zake mapema zaidi.

Bungeni London mabishano yaliwaka. Chama cha Conservative kilisema: tazameni ujamaa, hivi ndivyo serikali inavyoharibu fedha inapojitia katika biashara. Chama cha Labour kilijibu: hawa ni maadui wa maendeleo, wanafurahia kushindwa kwa taifa lao. Mpango wa karanga ukawa silaha katika uchaguzi wa Februari 1950. Ajabu ni kwamba shauri lenyewe lilitoka kwa kampuni ya watu binafsi, na kampuni hiyo hiyo ndiyo iliyosimamia kazi mpaka mwaka 1948 shirika la serikali la Overseas Food Corporation lilipoipokea. Jambo hilo halikuwafaa wapinzani, kwa hiyo hawakulipigia mbiu. Serikali lingeweza kuifaa, lakini kulitumia kungeilazimu kwanza ikiri kwamba kuna kushindwa kwa kugawana. Basi pande mbili za Bunge zikaendelea kupigana juu ya ujamaa na ubepari, na udongo wa Kongwa, ambao haukuwa mwanachama wa upande wowote, haukupata wakili.

Mwishoni mwa 1949 Wakefield na mwenziwe mmoja wa ule ujumbe wa kwanza waliondolewa katika bodi ya shirika. Januari 1951 Serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba mpango mkubwa umekwisha, na zaidi ya pauni milioni 36 zikafutwa vitabuni.

Kongwa haikufa. Ng'ombe walistawi mahali karanga zilipokataa, na ranchi ikawekwa. Kuanzia mwaka 1964 wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika walipewa kambi hapo. Na leo wakulima wa kanda ya kati hulima alizeti nyingi, na karanga pia, vishamba vidogo vidogo vinavyongoja mvua na kuigeukia inapokuja. Nchi haikuikataa karanga. Iliikataa karanga iliyolimwa kwa ramani.

Baada ya mambo kwisha, kila mtu aliondoka na funzo alilokuja nalo. Waliokuwa wakiamini kwamba serikali haiwezi kufanya biashara waliondoka wakiamini zaidi. Waliokuwa wakiamini kwamba Afrika haiendelei waliondoka na hadithi ya kuchekesha ya kusimulia vilabuni mwao. Nasi Waafrika tukaondoka na letu, kwamba mkoloni hakuijua nchi. Hilo ni kweli, tena ni tamu, na kwa utamu wake lilituzuia kuona kwamba na sisi tungeweza kufanya vile vile bila ya mkoloni.

Tulifanya. Mwaka 1973 ilitolewa amri huko bara kwamba ifikapo mwisho wa 1976 wananchi wote wa mashambani wawe wanaishi katika vijiji. Shabaha ilikuwa njema, kwa shule, maji na zahanati. Lakini katika sehemu nyingi watu walihamishwa kwa haraka, nyumba zikapangwa kando ya barabara mbali na mashamba ya zamani, na afisa aliyesifiwa alikuwa yule aliyehesabu watu wengi waliohama, si yule aliyesema udongo wa hapa hautoshi. Tunalitaja jambo hilo pia kwa sababu ya lililofuata. Mwaka 1977 Mwalimu Nyerere alitoa kitabu chake juu ya Azimio la Arusha baada ya miaka kumi, na humo alikiri waziwazi kwamba nchi haijawa ya kijamaa wala haijajitegemea, akayataja makosa yaliyofanyika. Imani yake katika ujamaa haikuondoka, ila alikubali kuipima mbele ya watu. Viongozi wachache walio bado madarakani hufanya hivyo, na mtu anaweza kutofautiana na siasa zake zote na bado akampa heshima hiyo.

Turudi nyumbani kwenye karafuu, kwa kuwa ni rahisi kuona kibanzi cha Kongwa.

Kwa miongo mingi Serikali ya Zanzibar, kwa njia ya shirika lake, ilikuwa mnunuzi pekee wa karafuu, na bei aliyolipwa mkulima ilikuwa chini sana ya ile ya soko la dunia. Karafuu zikawa zinavuka usiku kwa majahazi kutoka Pemba kwenda pwani ya Kenya. Katika ofisi nyingi jibu lilikuwa limekwisha kupatikana: mkulima hana uzalendo. Kikaundwa kikosi ambacho jina lake lenyewe, Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo, latangaza kazi yake. Hatusemi kwamba magendo si kosa. Tunasema kwamba kila gunia lililokamatwa liliandikwa kuwa ushahidi wa tamaa ya mkulima, na halikuandikwa hata siku moja kuwa ushahidi juu ya bei. Magunia yakizidi kukamatwa, ilisemwa kwamba uzalendo umepungua, kwa hiyo doria ziongezwe. Yakipungua, ilisemwa kwamba doria zimefaulu, kwa hiyo ziendelee. Swali ambalo lingeweza kuleta jibu jingine, yaani kumlipa mkulima bei iliyo karibu na ya soko na kutazama nini kitatokea, lilingoja mpaka mwaka 2011. Mwaka huo bei ya mkulima ilipandishwa sana, ikakaribia asilimia 80 ya bei ya soko la dunia. Magunia yakaanza kurudi vituoni. Mkulima alikuwa yule yule, na uzalendo wake, kwa kadiri tuwezavyo kujua, ulikuwa ule ule.

Wanaoilaumu Serikali kila siku wasishangilie mapema, kwa maana nao wana gunia lao. Bei ya karafuu duniani ilipoanguka vibaya katika miaka ya 1980, wao walisema na wangali wanasema kwamba sababu ni ukiritimba wa Serikali peke yake. Ukiritimba ulimpunja mkulima. Haukuiangusha bei ya dunia. Mnunuzi wetu mkubwa alikuwa Indonesia, ambako karafuu hutiwa ndani ya sigara ziitwazo kretek, na Indonesia ilipanda mikarafuu yake kwa wingi katika miaka ya 1970. Mkarafuu huchukua miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa. Miche hiyo haikufichwa. Ilikuwa ikikua hadharani, msimu baada ya msimu, na huku kwetu waliosema kwamba karafuu yetu haina mpinzani na waliosema kwamba shida yetu yote imo Unguja Mjini walikuwa wakikodolea macho kitu kimoja, yaani wao kwa wao.

Ndugu zetu watendaji wa Serikali hutuuliza, na wana haki ya kuuliza, wafanye nini. Hatuna dawa ya tabia ya binadamu, lakini tuna mashauri mawili ya ofisini. La kwanza, mtu aliyependekeza mradi asiwe ndiye wa kuupima. Wakefield aliuchunguza mpango wa karanga, akaukadiria, kisha akakalia bodi ya kuutekeleza, na ingekuwa muujiza kama angeliona shimo alilolichimba mwenyewe. La pili, kila jalada la mradi liwe na ukurasa mmoja wa mbele, ulioandikwa kabla ya kutumia shilingi ya kwanza, unaosema ni jambo gani likionekana, na kufikia tarehe gani, tutakubali kwamba tumekosea. Si mabao ya kushinda, ambayo majalada yetu yamejaa, bali alama za kushindwa. Ukurasa huo ungekuwapo Kongwa mwaka 1947 ukisema ekari 150,000 kwa mwaka mmoja, na chini ya nusu yake tusimame tuutazame udongo, basi Desemba ya mwaka ule ule mtu mdogo kabisa wa ofisini angaliweza kuufungua na kuuweka mezani kwa bwana mkubwa bila ya kuitwa adui wa maendeleo. Tunajua kwamba hapo ndipo penye ugumu. Karani anayeleta habari mbaya hajulikani kwa kupandishwa cheo, na mkuu wa idara anayesifu ukweli hadharani huenda akamnunia aliyemletea.

Sasa miche ya mikarafuu inapandwa tena visiwani, na wananchi wanahimizwa waipande. Sisi tunauunga mkono uamuzi huo, na kwa kuwa tunauunga mkono tunajiuliza sisi wenyewe kwanza. Miche inayotiwa ardhini Pemba msimu huu haitazaa kabla ya miaka sita. Madagascar nayo inauza karafuu, na Indonesia ingali na mashamba yake. Katika majalada ya mpango huu, ni nani aliyepewa kazi ya kuihesabu miche ya wenzetu, na akirudi na hesabu tusiyoipenda, ataingia kwa mlango upi?